Kuvumwani Ndani ya Tangi la Samaki: Kuipanda, Kuifunga na Kuikata

Gogo lililovikwa vizuri kuvumwani, ule mmea mdogo laini unaotanda kama zulia juu ya mawe na magogo, huonekana kama limelala mtoni miaka mingi. Lililovikwa vibaya huwa furushi la nyuzi za kahawia lenye uchafu wa samaki katikati, na baada ya miezi miwili huishia kwenye ndoo ya taka. Mara nyingi mbolea haihusiki, wala ubora wa taa. Kinachoamua ni unene uliofunga siku ya kwanza, na kama maji yanapita katikati ya majani au yanazunguka nje yake tu.

Chanzo ni maumbile ya mmea wenyewe. Kuvumwani haina mizizi ya kweli. Ina vinyuzi vifupi vya kushikia, kazi yake kung'ang'ania jiwe au gogo, basi. Chakula chote huingilia majanini, na majani hayo kwa sehemu kubwa yana unene wa seli moja tu. Jani jembamba namna hiyo hunywa chochote kilichomo ndani ya maji: naitreti na potasiamu linazozihitaji, na vilevile klorini na shaba zinazoliumiza. Likifunikwa na vumbi la kinyesi cha samaki, limezibwa mdomo. Ndiyo maana udongo wa sakafu ya tangi, hata uwe na rutuba kiasi gani, hauisaidii kuvumwani kitu.

Jina lake limebeba adui wake tumboni: mwani. Katika mwongozo huu, mwani ni ule utando au zile nywele za kijani zinazoota zenyewe kwenye vioo na majani. Kuvumwani ni mmea tunaoutaka. Vyote viwili hugombea mwanga uleule na chakula kilekile, na mwani hukua haraka zaidi.

Aina ipi

Anza na kuvumwani ya Java, Taxiphyllum barbieri. Kwa miaka mingi imeuzwa kwa jina la Vesicularia dubyana, ambalo ni la aina nyingine, kwa hiyo usishangae ukiona majina hayo yamechanganywa. Ya Java huvumilia karibu kila kitu: mwanga hafifu, maji laini (yenye madini kidogo) au magumu (yenye madini mengi), joto la nyuzi 18 hadi 28. Umbo lake ni la ovyo kidogo, vijitawi vinakwenda kila upande, lakini kwa gogo la kwanza hakuna inayosamehe makosa kama hiyo.

Ukitaka umbo lenye mpangilio, tafuta kuvumwani ya Krismasi, Vesicularia montagnei. Kijitawi chake ni cha pembetatu, kipana chini na chembamba nchani kama tawi la msonobari, na huinama kwa matabaka. Hushika jiwe vizuri kuliko ya Java, ila hukua polepole zaidi na umbo hilo hutokea pale tu mwanga unapotosha. Gizani nayo hurefuka na kufanana na ya Java. Watu wengi huamini wameuziwa aina isiyo sahihi, kumbe ni taa.

Ile inayoitwa ya miali hupanda juu ikijisokota kama ndimi za moto. Hushika vibaya, hivyo iachie mshipi wa kuvulia ulioifungia muda wote. Ile inayoitwa ya kulia, yaani ya kutoa machozi, Vesicularia ferriei, huning'inia chini na inafaa matawi ya juu. Fissidens fontanus ina kijitawi kama unyoya mdogo wa ndege, kijani kilichokolea, nzuri kupindukia na polepole kupindukia. Ipeleke kwenye tangi lililokwisha tulia na lisilozidi nyuzi 25.

Halafu kuna Riccia fluitans, ambayo wauzaji huiweka kapu moja na hizi. Si kuvumwani halisi bali ni ndugu yake, na tabia yake ni kuelea. Haitashika jiwe hata ikae mwaka. Ile mizulia ya Riccia yenye vipovu vya oksijeni, iliyopata umaarufu kupitia matangi ya Mjapani Takashi Amano, imefungwa chini kwa mshipi, na inahitaji mwanga mwingi, kabonidayoksaidi na mkasi kila baada ya wiki chache. Usianze nayo. Ile mipira ya kijani ya marimo nayo ni mwani uliojiviringisha, si kuvumwani.

Karantini kwanza

Fungu jipya la kuvumwani ni msitu mdogo wenye wakazi. Ndani yake hujificha konokono, mayai yao yaliyo kama tone la ute, vipande vya mwani wa nywele, na wakati mwingine tunutu wa kereng'ende, ambaye ndani ya wiki chache ataanza kula uduvi na vifaranga vya samaki.

Lisuuze fungu ndani ya beseni la maji yaliyoondolewa klorini, ukilichambua kwa vidole sehemu ndogo ndogo juu ya kitu cheupe, maana weupe ndio unaoonyesha kinachotembea. Uzi wowote unaoteleza, usio na vijani pembeni, ni mwani: uvute nje. Kipande kilichosokotana nao sana kitupe. Kupoteza robo ya fungu ni nafuu kuliko kupambana na mwani miezi sita.

Kisha liweke kwenye ndoo au chombo cheupe chenye lita 5 za maji, mahali penye mwanga wa kawaida wa chumba, kwa wiki 3. Badilisha nusu ya maji mara moja kwa wiki. Muda huo si wa kubahatisha: mayai ya konokono katika maji ya uvuguvugu huanguliwa ndani ya wiki 1 hadi 2, kwa hiyo kufikia wiki ya tatu waliomo utawaona wakitambaa kwenye kuta za chombo. Watoe kila asubuhi.

Usifupishe njia kwa dawa ya kuua konokono. Nyingi zina shaba, na shaba huua uduvi na kuiharibu kuvumwani yenyewe. Kuichovya kwenye klorini ya kufulia, kama wanavyofanya kwa mimea yenye majani magumu, pia ni hatari. Jani la seli moja halina ngozi ya kujikinga.

Jiwe na gogo

Kuvumwani hushika penye mikwaruzo. Jiwe la volkano lenye vitundu ni bora kuliko yote. Kokoto laini ya mtoni huishinda. Tone la siki likitoa povu juu ya jiwe, jiwe lina chokaa na litapandisha ugumu wa maji. Kwa ya Java hilo si tatizo, kwa uduvi wanaotaka maji laini ni tatizo.

Gogo jipya lilowekwe wiki 1 hadi 2 kabla, maji yakibadilishwa kila siku mbili, au lichemshwe saa 1 hadi 2 kama linaingia kwenye sufuria. Faida si kupunguza ile rangi ya chai tu. Gogo bichi likiingia majini huota utando mweupe kama kamasi kwa wiki kadhaa. Hauwadhuru samaki, lakini ukifunga kuvumwani juu yake, inakosa pa kushika na sehemu ya chini inaoza. Ngoja utando uishe, usugue gogo kwa brashi, ndipo ufunge.

Kufunga

Andaa vitu hivi: mkasi mkali, kibano kirefu, beseni, chupa ya kunyunyizia maji, na kimoja kati ya uzi wa pamba, mshipi mwembamba wa kuvulia, au supagluu ya jeli. Kwa gogo la sentimita 25 fungu linalojaza kiganja kilicholegea linatosha, na pengine litabaki.

Sasa ikate. Wengi huruka hatua hii kwa huruma, wakitandaza nyuzi ndefu nzima nzima. Weka kuvumwani juu ya ubao na uikatekate vipande vya sentimita 1 hadi 2, kama unavyokata mboga. Kila mahali palipokatwa huchipua machipukizi mapya, na vipande vifupi hulala bapa juu ya jiwe, ambapo vinyuzi vya kushikia vinaweza kugusa. Nyuzi ndefu hupinda na kuelea, zikigusa jiwe mahali pawili patatu tu.

Lowesha jiwe, kisha tandaza vipande hadi upate tabaka moja. Kipimo ni jicho: simama juu ya jiwe utazame chini. Ukiona jiwe likichungulia kati ya vijitawi, umepatia. Likiwa limefichika kabisa, punguza hata kama moyo unakataa. Tabaka nene hupendeza siku hiyo na wiki mbili baadaye. Mwezi wa pili sehemu ya chini, iliyokosa mwanga na maji, imekuwa kahawia, na kwa kuwa sehemu hiyo ndiyo iliyoshika jiwe, zulia zima linabanduka na kuelea.

Ukitumia uzi wa pamba, zungusha ukiacha nafasi ya sentimita 1 kati ya mzunguko na mzunguko, kisha rudi kwa mshazari ili ufanye miraba. Kaza kiasi cha kuizuia isiteleze. Ukikaza kama unafunga mzigo, uzi unaikata. Pamba huoza yenyewe ndani ya wiki kadhaa, ambao ndio muda kuvumwani ya Java au ya Krismasi inahitaji kushika. Mshipi hauozi, kwa hiyo ni wa aina zisizoshika. Chagua usio na rangi, mwembamba kadiri upatavyo, na ukate mikia ya fundo hadi mwisho, kwa kuwa samaki wadogo na uduvi hunasa humo.

Gundi ni ya haraka na inafaa pembe ambazo uzi haufiki. Lazima iwe supagluu ya jeli. Ile ya majimaji hukimbilia ndani ya kuvumwani na kuigeuza kigae. Kausha jiwe kwa karatasi, kamua kuvumwani hadi isidondoshe maji, weka tone dogo kama punje ya mchele, kisha bonyeza kishungi juu yake kwa kibano sekunde 30. Acha sentimita 2 au 3 kati ya tone na tone. Baada ya dakika 2 linaweza kuingia majini. Ile alama nyeupe ya gundi itabaki wazi wiki chache hadi ifunikwe. Haina madhara kwa samaki.

Onyo: supagluu hii ikikutana na pamba hupata joto kali, kiasi cha kuunguza ngozi. Usivae glavu za pamba, usipanguse kwa pamba, na usichanganye gundi na uzi wa pamba mahali pamoja.

Wakati wote huu nyunyizia maji kila dakika chache. Kuvumwani iliyokauka nchani hupauka, na ncha hizo hazirudi.

Zulia, ukuta na mti

Kwa zulia la sakafu, kata vipande viwili vya wavu wa chuma kisichoshika kutu vya sentimita 10 kwa 10. Tandaza tabaka jembamba juu ya kimoja, funika kwa kingine, shona pembeni kwa mshipi. Chuma kina uzito wa kukaa chini chenyewe. Kunja ncha kali za waya kwa koleo, la sivyo samaki wa chini kama kambare wadogo watachanwa midomo. Faida ya vipande vidogo ni kwamba siku ya kukata unakitoa kimoja kimoja na kukikatia nje ya tangi.

Ukuta hufanywa hivyohivyo kwa wavu wa plastiki wenye vitundu vya milimita 5 au 6, ukashikizwa kiooni kwa vikombe vya kunyonya. Acha nafasi ya sentimita 1 nyuma ya wavu ili maji yapite, kisha uzibe kingo za pembeni kwa wavu huohuo. La sivyo samaki huingia nyuma na kushindwa kutoka, na utagundua kwa harufu.

Mti ni gogo lenye matawi membamba lililosimamishwa, na vishungi vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba vimegundishwa kwenye ncha za matawi. Weka vishungi vichache. Vitakapojaa vitaungana vyenyewe, na kazi yako itakuwa kuvinyoa viwe na mgongo wa mviringo.

Mwanga, joto, maji

Taa iwake saa 6 kwa siku katika mwezi wa kwanza, kwa swichi ya saa, si kwa kukumbuka. Ukiona hakuna mwani, panda hadi saa 7 au 8. Nguvu ya lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 15 hadi 25 kwa lita inatosha aina nyingi. Kwa tangi la lita 60 hiyo ni taa ya lumeni 900 hadi 1,500. Tangi lisipigwe na jua la dirishani hata kwa saa moja, kwani jua hilo hulisha mwani.

Joto la nyuzi 21 hadi 25 ndilo hutoa umbo bora. Kwenye nyuzi 28 ya Java huishi lakini hurefuka na kupauka, na zaidi ya 30 aina nyingi huanza kufa. Mahali penye joto, feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi 2 au 3, ila maji yatapungua haraka: ongeza kila siku. pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, kati ya 6 na 7.5 ni salama.

Badilisha asilimia 25 hadi 30 ya maji kila wiki. Maji ya bomba yatiwe dawa ya kuondoa klorini kabla hayajaingia. Kuyalaza usiku kucha ndooni hupunguza klorini ya kawaida, lakini kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, haiondoki kwa njia hiyo.

Mkondo ndio kitu kinachodharauliwa. Elekeza mdomo wa chujio ili vijitawi vitikisike kidogo tu, kama nyasi kwenye upepo mwepesi. Pasipotikisika hata kidogo panakusanya uchafu. Panapolazwa chini na maji, kuvumwani haishiki.

Mbolea ya maji tumia nusu ya kipimo cha chupa, na kama una samaki wengi waweza kuiacha kabisa. Kabonidayoksaidi si lazima. Ikiwepo, miligramu 20 hadi 30 kwa lita huongeza kasi na msongamano. Tahadhari na zile dawa zinazouzwa kama kaboni ya maji, zenye glutaraldehaidi. Kuvumwani na jamaa zake, hasa Riccia, zinaweza kuyeyuka kwa kipimo ambacho mimea mingine haikihisi.

Wiki za mwanzo

Wiki mbili za kwanza hakuna kitu. Baadhi ya majani ya zamani yatakuwa kahawia, hasa kama mmea ulikuzwa nje ya maji, kwa kuwa majani ya hewani hayafai majini na lazima yapishe mapya. Usiyang'oe, usihamishe jiwe, usiongeze taa.

Kati ya wiki ya 3 na ya 4 sogeza uso karibu na kioo. Utaona ncha ndogo za kijani kibichi, nyepesi kuliko majani mengine, nyembamba kama sindano. Hizo ndizo zinazoonyesha kwamba imeanza. Kufikia wiki ya 6 hadi ya 8 jaribu kuvuta kijitawi kimoja kwa kibano: kikikatika badala ya kutoka, imeshika.

Kila wiki, kabla ya kubadilisha maji, zima chujio, chukua bomba la sindano la mililita 50 lisilo na sindano, upulize maji polepole ndani ya kuvumwani. Wingu la uchafu litapanda. Linyonye kwa mpira wa maji huku likiwa bado linaelea. Dakika 5 za kazi hii zinashinda chupa yoyote ya mbolea.

Kukata

Unene ukifika sentimita 3, kata. Usingoje 5. Zima chujio, weka kichujio cha kitambaa kwenye mdomo wake wa kunyonya, nyoa kwa mkasi hadi ibaki sentimita 1 hadi 1.5, na msaidizi anyonye vipande kwa mpira unaoishia kwenye wavu juu ya ndoo nje ya tangi. Vipande utakavyoviacha vitashika popote vitakapotua: ndani ya sponji ya chujio, katikati ya mimea mingine, kwenye changarawe. Kuvumwani ya Java iliyoingia ndani ya mmea mwingine wa zulia haitoki tena.

Baada ya kunyolewa huonekana mbaya kwa siku 10, kijivujivu na yenye mashina. Halafu kila shina hutoa vichipukizi kadhaa, na hapo ndipo msongamano unapopatikana. Zulia zito ni zulia lililokatwa mara nne tano.

Panapoharibika

Kahawia inayoanzia katikati au chini ni unene. Kahawia inayoanzia nchani, kwa tangi zima, ni joto, klorini au dawa. Zitofautishe kwanza kabla ya kugusa kitu.

Vijitawi virefu, vyembamba, vyenye nafasi kubwa kati ya jani na jani: mwanga ni mdogo. Sogeza jiwe juu kabla ya kununua taa nyingine.

Mwani wa nywele ukiingia, usiutie dawa. Usokote kwa mswaki mkavu kama unavyosokota tambi kwenye uma, punguza taa hadi saa 5, na ongeza uduvi wa Amano, Caridina multidentata, mmoja kwa kila lita 10. Sehemu iliyofungamana kabisa ikate na kuitupa. Utando wa kijani-samawati unaoteleza na kunuka tope si mwani wa kawaida bali ni bakteria: unyonye wote, funika tangi kwa kitambaa kizito siku 3, kisha ubadilishe nusu ya maji. Kuvumwani huvumilia giza hilo bila shida.

Kuhusu wakazi, uduvi wadogo ndio wasafishaji bora. Huchokoa kati ya majani mchana kutwa bila kuyang'oa. Samaki wa dhahabu na sikilidi (samaki wa jamii ya perege) wachimbaji huing'oa, wengine huila. Vifaranga wa samaki hujificha na kulisha humo, kwa hiyo kwa tangi la kuzalishia acha fungu moja la Java bila kulifunga, lielee pembeni, na ulisuuze kila wiki katika maji yaliyotolewa tanginimo.